Kombe Lilipoingia Biharamulo

Simu ya mama ilinikuta nimeshika mkasi, nakata vitambaa vya njano vya bendera za mwisho. Tangu Alhamisi jioni nilikuwa sijainua kichwa kwenye cherehani, tangu habari zilipofika kwamba timu yetu ya Nyuki imechukua ubingwa wa mkoa kule Bukoba, kwa matuta, na kwamba golikipa Kazimili Nshoma amepangua mawili.

"Theodosia, upo peke yako?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, upo peke yako?"

"Nipo na Happyness."

Happyness ni mwenzangu wa kazi. Tulipanga pamoja kibanda cha ushonaji karibu na stendi ya Biharamulo. Aliinua macho aliposikia jina lake, akaona uso wangu, akasimamisha cherehani yake.

"Kaka yako hayupo hapa nyumbani," mama alisema. "Jana alishinda ananoa panga. Nikamwambia Frednand, kulima bado, panga la nini? Akaendelea kunoa. Asubuhi hii nakuta kitanda kitupu. Watu wamemwona stendi ya Benaco akipanda gari la kuja huko kwenu."

Mkasi ulinitoka mkononi.

"Baba anajua?"

"Baba yako amesimama hapa hapa. Ndiye aliyesema nikupigie. Wewe funga mlango ukae ndani, mwanangu. Nakuomba."

Nikamwahidi kwamba sitatoka. Nilikata simu, nikampigia Kazimili. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mtu anayeletwa mjini na kombe, juu ya gari lenye spika nne na mavuvuzela, hawezi kusikia simu mfukoni, hilo nililijua, lakini nilipiga mara sita.

"Teddy, unakwenda wapi?" Happyness aliniuliza nilipoanza kuvaa viatu.

"Frednand amekuja kumuua."

Hakuuliza kumuua nani.

Ngoja niseme jambo lenyewe lilivyokuwa. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, ng'ombe wa mzee Nshoma waliingia katika shamba letu la maharage kule nyumbani Kasulo, wilayani Ngara. Mzee huyo ni Msukuma aliyetoka upande wa Shinyanga na mifugo yake, akitafuta malisho. Baba na kaka walikwenda na mapanga. Wale wakaja na fimbo. Mimi sikuwapo, nilikuwa najifunza ushonaji Ngara mjini. Niliporudi nilimkuta kaka amefungwa bandeji nusu ya uso, na jicho lake la kulia halipo tena. Kabla ya wiki kwisha Nshoma alihamisha ng'ombe na watu wake, wakaja kukaa Nyabusozi, huku Biharamulo.

Kaka alikuwa na neno moja tu. "Ni yule kijana wake mrefu. Nilimwona kabla fimbo haijatua."

Na mimi, Mungu anisamehe, mwaka uliofuata nikampenda kijana mrefu aliyeleta jezi yake iliyochanika begani. Alisimama mlangoni akainamisha kichwa asigonge bati, akasema, "Dada, unaweza kuniponyea hii?" Hakusema kushona, alisema kuponya. Nilicheka siku nzima. Nilipokuja kujua ni mtoto wa nani, moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwake. Nilimuuliza mara moja tu.

"Kazimili, ni wewe uliyempiga kaka yangu?"

Alitazama viganja vyake. "Kulikuwa na watu wengi, Teddy. Fimbo zilikuwa nyingi."

Nikalishika jibu hilo kama mtu anayeshika kamba mtoni. Nilikwenda nalo mpaka Kasulo. Nikamwambia kaka yangu mwenyewe, machoni pake, "Wewe uliona nini? Ulikuwa umejaa damu usoni. Unamsingizia mtu." Alinitazama kwa jicho lake moja, akatoka nje. Tangu hapo hatukusalimiana.

Nilitoka kibandani nikikimbia.

Mji mzima ulikuwa barabarani. Sijawahi kuona watu wengi vile Biharamulo, hata siku ya mnada. Kina mama wa sokoni walitoka na sufuria na miiko, wanapiga. Vijana walijipaka njano na masizi usoni. Bodaboda zilipita mbili mbili zikipiga honi, nyingine dereva amesimama juu ya kiti. Kelele ilikuwa kelele ya mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Kila mtu aliimba jina moja, na jina hilo lilikuwa la mtu wangu.

"Ka-zi-mi-li! Ka-zi-mi-li!"

Nilipenya kwa viwiko. Mtu mmoja alinikanyaga, nikapoteza kiatu kimoja, nikakiacha. Nilikuwa natafuta kofia ya kaka, ile nyeusi anayoishusha upande wa kulia kuficha kovu. Kofia nyeusi zilikuwa mia.

Lori la Fuso likatokea kwenye kona, linakwenda polepole kwa sababu ya watu. Wachezaji walikuwa wamesimama nyuma, jezi zimelowa jasho, na katikati yao Kazimili, kichwa kizima juu ya wenzake, ameshika kombe kwa mikono miwili. Nahodha Juvenali alikuwa kando yake na kipaza sauti, sauti imeshamkauka.

"Kazimili!" nilipiga kelele. "Kazimili, usishuke!"

Akageuka. Katika watu wote wale, akaniona. Uso wake ukabadilika, ukawa ule uso anaokuwa nao tukiwa wawili tu, na mimi nikapunga mikono yote miwili kumkataza, nikitikisa kichwa.

"Usishuke! Frednand yuko hapa!"

Yeye akadhani ninamwita. Akaruka chini.

Watu wakapiga mayowe ya furaha, wakamfungulia njia, na njia hiyo ikaja moja kwa moja mpaka niliposimama. Alifika akihema, kombe kifuani, akinukia vumbi na jasho.

"Umekuja," alisema. "Ulisema hutakuja."

"Rudi juu ya gari. Rudi sasa hivi!"

"Nimechoka kukupenda kwa kujificha, Teddy. Leo waache waone. Jumatatu nakwenda Kasulo kwa baba yako, hata kama—"

"Kazimili, kaka yangu yupo hapa na panga!"

Hapo ndipo aliponisikia. Lakini hakugeuka kukimbia. Alinitazama, na katika macho yake niliona kitu ambacho sikukitegemea. Hakushangaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akisubiri jambo hilo kwa muda mrefu.

"Teddy, toka hapo," sauti ikasema nyuma yangu.

Sauti ya kaka yangu ningeitambua hata nikiwa nimelala. Alikuwa amevaa koti zito kwenye jua lile. Kofia ilikuwa imemtoka, kovu liko wazi, na watu waliokuwa karibu wakaanza kurudi nyuma bila kujua kwa nini.

"Kaka, nakuomba."

"Nimesema toka."

"Frednand, twende nyumbani. Mama analia."

"Mama amelia miaka mitatu." Hakuwa ananiangalia mimi. "Wewe. Unashangiliwa. Unainua mikono, watu wanaimba. Mkono upi ulinipiga nao? Niambie mwenyewe."

Kazimili akanisogeza pembeni kwa upole, kama mtu anayesogeza pazia. "Huu," alisema, akainua mkono wa kulia.

Sikulielewa neno lile palepale. Hapakuwa na nafasi ya kuelewa. Panga lilitoka ndani ya koti, likapanda, likashuka. Kombe lilianguka kwanza, likalia juu ya kokoto. Kisha damu ikaruka, ya moto, ikanipiga shingoni na kwenye midomo. Kazimili hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu akiushika mkono chini ya kiwiko, akasema kwa Kisukuma neno moja tu, "Mayu," mama.

Kaka aliinua panga mara ya pili. Halikushuka. Jiwe lilimpata sikioni.

Umati ule uliokuwa unaimba ukageuka mara moja. Mpaka leo sijui nani alianza. Nilisikia mwanamke akipiga ukunga, "Wamemuua golikipa! Wamemuua!" halafu kaka yangu hakuonekana tena, amefunikwa na migongo. Walimpiga kwa miguu, kwa fimbo za bendera, kwa bendera nilizoshona mimi. Mtu alichukua tofali kwenye nyumba inayojengwa. Nilisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu, nikamsikia kaka akipiga kelele, na kelele yake ilikuwa ileile ya utotoni alipoanguka kutoka kwenye paa.

"Ni kaka yangu!" nililia. "Mwacheni, ni kaka yangu!"

"Na wewe basi ni mmoja wao!" kijana mmoja alinishika nywele, akanisukuma chini. Nikainuka. Mwingine akanipiga begani kwa kipande cha vuvuzela lililovunjika.

"Leteni tairi!" mtu alipiga kelele. "Petroli ipo kwenye pikipiki! Leteni tairi!"

Na kweli nikaona tairi linapitishwa juu ya vichwa vya watu, linakuja. Kijana aliyejipaka njano alikuwa ameinamia bodaboda, anachomoa mpira wa mafuta, chupa mkononi.

Hapo ndipo nilipomwona Kazimili anatambaa. Alikuwa amefunga mkono kwa jezi yake, jezi imeshakuwa nyekundu. Alipita katikati ya miguu ya watu waliokuwa wakiimba jina lake dakika tano zilizopita, akamfikia kaka, akamlalia. Alimfunika mwili mzima. Ni mrefu, alimfunika mpaka kichwa. Mawe yaliyokuwa yamekwisha kurushwa yalimpiga yeye mgongoni.

"Toka, Kazimili! Toka tummalize!"

"Simtoki!"

"Amekukata huyo! Toka!"

"Nimesema simtoki! Chomeni wote wawili!"

Mimi nikajitupa juu yao. Nilimshika kijana mwenye chupa mguu, nikamng'ata mpaka nikasikia ladha ya damu, sijui ya kwake au ya Kazimili iliyokuwa mdomoni mwangu. Chupa ikaanguka, petroli ikamwagika kwenye vumbi, harufu ikatujaa puani. Nilifumba macho. Nilikuwa namsikia kaka chini kabisa akihema kwa shida, na Kazimili akimwambia sikioni, "Tulia. Usijitikise. Tulia."

Kisha kipaza sauti kikanguruma. Juvenali alikuwa amepanda juu ya kichwa cha Fuso. "Mnamuua Kazimili!" sauti yake ilikatika, akarudia akilia. "Angalieni mnachofanya! Mnamuua golikipa wenu wenyewe!"

Mikono ikasita. Mtu mmoja akaangusha tofali. Wachezaji wakaruka kutoka garini, wakatuzunguka, mgongo kwa mgongo. Polisi walipofika na kupiga risasi hewani, barabara ilikuwa imeshaanza kuwa tupu, imebaki na viatu na bendera za njano, na kombe limekanyagwa limebonyea upande mmoja.

Walitupakia nyuma ya pikapu kwenda hospitali. Kaka upande huu, Kazimili upande ule, mimi nimepiga magoti katikati, nimekaza mkono wa Kazimili kwa mshipi wa askari. Kila gari liliporuka shimo, wote wawili waliguna.

Kaka alifungua jicho. Lilikuwa limevimba, limebaki ufa.

"Mwambie," alisema.

"Usiongee, kaka."

"Si wewe. Yeye. Mwambie dada yangu."

Kazimili alikuwa mweupe midomoni. Alinitazama, akashindwa, akatazama angani.

"Ni mimi, Teddy."

"Ni wewe nini?"

"Jicho. Baba alikuwa ameanguka, nikaona panga juu yake, nikapiga. Sikulenga jicho. Lakini nilipiga mimi. Hapakuwa na fimbo nyingi. Ilikuwa yangu."

Sikuuachia mkono wake, kwa sababu ningeuachia angekufa. Lakini nilihisi kitu ndani yangu kikitoka na kwenda, na nikaendelea kukaza mshipi nikilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

"Miaka miwili," nilisema. "Miaka miwili umenilaza na uongo."

"Niliogopa kukupoteza."

"Mimi nikampoteza kaka yangu kwa ajili ya uongo wako!"

Alifumba macho. Askari aliyekaa ukingoni mwa pikapu aligeuza uso pembeni.

Baba na mama walifika kesho yake asubuhi, Jumapili, watu wakitoka misa ya kwanza. Kaka alikuwa na mguu na mbavu mbili zimevunjika, kichwa kimeshonwa, na askari amekaa kitini kando ya kitanda chake. Kazimili alikuwa kitanda cha tatu kutoka hapo. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba mishipa ya vidole imekatika, apelekwe Mwanza haraka, na kwamba vidole viwili huenda visikunjike tena. Golikipa. Nilimwambia daktari amweleze mwenyewe, mimi sikuweza.

Baba yangu, mzee Privatus Nyandwi, ni mtu wa maneno machache. Alimwangalia mwanawe kutoka kichwani mpaka miguuni. Mama yangu, Speciosa, alikuwa ameshaangukia kitanda, anambusu kaka mikono.

"Feredinandi," baba alisema, hivyo ndivyo anavyolitamka, "nani amekufanya hivi?"

"Watu, baba."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimkata. Nimeshamwambia askari, ameandika."

Kazimili alikuwa ameshuka kitandani. Nilimwona anakuja, anashika ukuta, mkono umefungwa kifuani. Alifika mbele ya baba, akapiga magoti kwenye sakafu.

"Shikamoo baba."

Baba hakuitikia.

"Mimi ni Kazimili, mtoto wa Nshoma. Jicho la mwanao nililitoa mimi. Nilimkimbia miaka mitatu, na binti yako nikamficha ukweli. Na hilo nimeomba askari aliandike."

Baba alimpiga kofi. Lilisikika wodi nzima, wagonjwa wakainua vichwa. Kazimili hakusogea. Baba akampiga la pili, na la tatu kwa mkono mwingine, mpaka damu ikamtoka puani ikadondoka juu ya bandeji. Askari alisimama. Mama akasema, "Basi, baba Theodosia. Basi." Mimi nilibaki nimesimama nimeziba mdomo, sikumtetea.

Baba alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Wanasema kuna mtu alimlalia mwanangu asichomwe moto. Ni nani?"

Kaka ndiye aliyejibu. "Ni huyo, baba. Nilikuwa nasikia kila jiwe linavyompiga mgongoni."

Baba akamgeukia Kazimili. "Kwa nini? Amekukata mkono, watu wako wanakusaidia. Kwa nini hukuacha wammalize?"

"Nilishamchukulia jicho, baba. Ningemwachaje anyang'anywe hata uhai?"

Baba alimtazama muda mrefu. Mzee yule sijawahi kumwona akilia, na hata siku hiyo hakulia, lakini alijifuta uso kwa kofia yake kama mtu aliyetoka kulima.

"Mimi kusamehe sijui upesi," alisema. "Ukipona, uje Kasulo na baba yako. Mje mchana, mpite barabara kuu, msipite porini. Kila mtu kule ana neno la kukuambia na utayasikiliza yote."

"Nitakuja, baba."

"Na huyu binti asiwe katika maneno yako siku hiyo. Siku hiyo ni ya jicho."

"Ndiyo, baba."

Baba akatoka nje kuzungumza na askari, mama akamfuata. Kazimili aliinuka kwa kujivuta kwenye chuma cha kitanda. Nilijua natakiwa kumshika. Mikono yangu yenyewe ilikuwa inataka.

"Teddy," alisema taratibu. "Siku hiyo utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Nitakaa upande wa kwetu."

"Na baada ya hapo?"

"Sijui, Kazimili. Usiniulize leo."

"Nikingoja?"

"Ngoja."

Alirudi kitandani kwake, hatua kwa hatua. Nje, mbali, kuna watu walikuwa bado wanapuliza vuvuzela. Nilikaa kando ya kaka yangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, imekauka.

"Kaka, ulisema kweli, nikakuita mwongo."

Alifumba jicho, nikadhani amelala.

"Nipe maji," alisema.

Nikamwinua kichwa kwa mkono mmoja, nikamwekea gilasi mdomoni, akanywa mafunda madogo madogo, maji mengine yakimwagika kifuani nikiyafuta. Nilihisi macho ya Kazimili mgongoni kwangu muda wote huo, kutoka kitanda cha tatu. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka tu nitamsamehe palepale, na siku hiyo zamu ilikuwa ya kaka.